Sikukuu ya shule: komite ya wazazi ikusanye pesa bila kugawanya watu



Somo letu la leo linahusu jambo ambalo kila komite ya wazazi inalijua. Shule inakosa madawati, choo kimejaa, ubao umepasuka, na sanduku la komite ni tupu. Wazazi wanakutana, na mmoja anasema: "Tufanye sikukuu ya shule, kila mtu atoe kidogo." Wazo hili ni zuri. Mahali pengi mashariki ya Kongo, salongo na michango ya wazazi ndiyo iliyosimamisha madarasa ambayo watoto wanasomea hata leo. Lakini pengine sikukuu ya namna hiyo hiyo inaacha ugomvi kijijini. Wenyeji wanasema wageni wanakula bila kutoa. Waliohama wanasema wanadaiwa pesa za kitu wasichokiona. Watoto wanasikia maneno ya wazazi wao, na kesho yake wanayabeba mpaka darasani.

Tofauti hiyo inatoka wapi? Haitoki kwa wingi wa pesa. Inatoka katika maswali matatu: Nani aliamua? Nani aliruhusiwa kutoa, na kwa njia gani? Nani aliona hesabu? Komite ikijibu vizuri maswali haya matatu, hata sikukuu ndogo inajenga amani. Ikiyajibu vibaya, sikukuu kubwa inaweza kuivunja.

Viongozi wanaweza kusoma somo hili kwa sauti katika kikao, kipande kwa kipande, na kujadili maswali yaliyo mwishoni.

1. KOMITE YA WAZAZI NA HAKI YA MTOTO

Katika shule za Kongo kuna vikundi viwili ambavyo watu wanavichanganya mara nyingi. Cha kwanza ni komite ya wazazi, inayoitwa COPA. Hiyo ni sauti ya wazazi, na wazazi wenyewe ndio wanaoichagua. Cha pili ni komite ya uongozi wa shule, inayoitwa COGES. Ndani yake wanakaa direkta wa shule, wawakilishi wa walimu na wawakilishi wa wazazi, ili wafuate pamoja mali na matumizi ya shule. Vikundi hivi viwili viko katika shule za serikali na pia katika shule za makanisa zilizofungamana na serikali kwa mkataba wa mwaka 1977. Sikukuu ya wazazi inatayarishwa na COPA, lakini COGES lazima ijulishwe, maana kitu kitakachonunuliwa kitakuwa mali ya shule.

Mbele ya kuzungumza juu ya michango, tukumbuke sheria. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2006 kinasema kwamba masomo ya msingi ni ya lazima, na ni ya bure katika shule za umma. Kwa miaka mingi haki hiyo ilibaki kwenye karatasi. Tangu miaka ya 1990, serikali iliposhindwa kulipa walimu vizuri, wazazi ndio waliobeba mzigo wa kuwalipa kwa njia ya "prime". Tangu Septemba 2019 serikali ilianza kutumia kanuni ya masomo ya bure katika shule za msingi za umma. Walimu wengi bado wanangoja mshahara wa kutosha, na shule nyingi bado hazina vifaa. Hata hivyo kanuni ni moja: mtoto wa shule ya msingi ya umma asifukuzwe darasani kwa sababu mzazi wake hakutoa mchango.

Kwa familia zilizohama kuna ulinzi mwingine tena. Mwaka 1998 Umoja wa Mataifa ulitoa Kanuni za Msingi juu ya watu waliohamishwa ndani ya nchi yao. Kanuni ya 23 inasema kwamba kila mtu ana haki ya kusoma, na kwamba wenye madaraka wahakikishe watoto waliohama wanapata masomo ya msingi ya bure na ya lazima. Inaongeza kwamba juhudi ya pekee ifanywe ili wanawake na wasichana washiriki kikamili katika masomo. Kanuni hiyo haisemi "kama kuna nafasi", wala "kama wenyeji wamekubali".

Kwa hiyo mchango wa sikukuu ni wa hiari. Neno hili, hiari, ndilo mlango wa somo letu lote.

2. KWA NINI PESA YA SHULE INALETA UGOMVI

Mwezi wa Oktoba 2023, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji lilihesabu watu milioni 6.9 waliohama makwao ndani ya Kongo, na wengi wao ni wa Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri. Mwanzoni mwa mwaka 2025 kambi nyingi zilizozunguka Goma zilivunjwa. Familia zikatawanyika: nyingine zilirudi vijijini, nyingine zilipokelewa na jamaa, nyingine zilipanga vyumba mjini. Maana yake ni kwamba mtoto aliyehama anasoma mara nyingi katika shule ya kijiji au ya mtaa, benchi moja na mtoto wa mwenyeji. Shule imekuwa mahali ambapo familia hizi mbili zinakutana kila siku, zikitaka ama zisipotaka.

Mahali hapo pana vidonda ambavyo havionekani. Wenyeji wameona darasa la watoto 50 likifikisha 100. Wameona vyoo vikijaa kwa muda mfupi, na madarasa yakigeuzwa kuwa nyumba za kulala. Waliohama nao wamepoteza mashamba, ng'ombe, mbuzi, na pengine watu wao. Wanakaa kwa wema wa wengine, na kila siku wanasikia neno "wageni". Ukileta neno "pesa" katikati ya vidonda hivyo bila kutayarisha watu, ni sawa na kutupa kiberiti kwenye majani makavu.

3. KISA CHA KUFUNDISHIA: SHULE YA MLIMANI

Kisa hiki ni cha kufundishia. Hakuna shule inayoitwa hivyo, lakini mambo yaliyomo yanatokea mahali pengi, na wasomaji wengi watayatambua.

Familia 60 zilifika usiku katika kijiji cha mlimani, zikikimbia mapigano. Shefu wa kijiji aliwafungulia madarasa manne ya shule. Ilikuwa majira ya mvua na baridi ilikuwa kali. Familia zikakaa humo majuma saba. Kuni zilikuwa mbali, na njia ya msituni ilikuwa na hatari kwa wanawake. Walipohamia kwenye vibanda na katika nyumba za wenyeji, madawati 22 hayakuwepo tena. Yalikuwa yamechomwa.

Masomo yalipoanza tena, direkta alifanya zamu mbili: watoto wa wenyeji asubuhi, watoto waliohama nyuma ya saa sita mchana. Komite ya wazazi ilikuwa na watu saba, wote wenyeji, na mwanamke mmoja tu. Iliamua kufanya sikukuu ili kununua madawati, na ikaweka faranga 3,000 kwa kila mtoto. Waliohama hawakualikwa kwenye kikao. Walisikia habari kwa watoto wao, siku watoto waliporudishwa nyumbani kwa kukosa kulipa. Kwenye chemchemi ya maji akina mama waliohama waliambiwa: "Nendeni mkachote maji kule mlikochomea madawati yetu." Sikukuu ilifanyika. Komite ilikuwa imeahidi madawati sita; yalionekana matatu. Hakuna aliyesoma hesabu, na sasa wenyeji nao wakaanza kunung'unika juu ya komite yao wenyewe.

Ndipo shefu, akisaidiwa na wazee wa makanisa mawili, aliitisha baraza. Kwanza walisikiliza kila upande peke yake, na akina mama peke yao. Kisha wakawakutanisha. Mama mmoja aliyehama alisimama, akasema: "Ni kweli, tulichoma. Mtoto wangu alikuwa na siku nne tangu azaliwe. Usiku ule ningechoma hata mlango." Baba mmoja mwenyeji akajibu: "Mbao za madawati yale nilizibeba kwa mgongo wangu kutoka msituni. Leo mwanangu anaandika juu ya magoti." Watu walinyamaza. Kwa mara ya kwanza kila upande ulisikia hasara ya upande mwingine ikisemwa na mtu aliyeipata.

Katika mazungumzo ilijulikana kwamba kati ya waliohama kulikuwa na maseremala watatu. Hakuna aliyekuwa amewauliza kazi yao. Mapatano yakawa hivi: wenyeji wenye miti watatoa miti, waliohama watapasua mbao na kutengeneza madawati, sikukuu mpya italipa misumari, kukodi msumeno na chakula cha wafanyakazi. Komite iliongezwa mpaka watu 11, wanne kati yao wakiwa wazazi waliohama, na wanawake wakawa watano. Mwenyekiti alibaki yule yule mwenyeji, lakini mtunza hazina akawa mama aliyehama. Direkta naye alibadilisha zamu: madarasa ya 1 mpaka ya 3 mchana, ya 4 mpaka ya 6 asubuhi, wenyeji na waliohama pamoja.

Sikukuu ya pili ilileta madawati tisa. Si 22. Familia mbili za wenyeji zilikataa kushiriki, na mpaka mwisho wa mwaka wa shule hazikubadilisha mawazo. Lakini maneno ya kwenye chemchemi yalipungua, na hakuna mtoto aliyefukuzwa tena.

Tutazame vizuri kilichobadilika kati ya sikukuu ya kwanza na ya pili. Umaskini ulikuwa ule ule na watu walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni majibu ya maswali yetu matatu.

4. HATUA ZA KUTAYARISHA SIKUKUU

Hatua ya kwanza: tengenezeni komite inayofanana na shule. Hesabuni watoto. Ikiwa theluthi moja ya watoto ni wa familia zilizohama, theluthi moja ya komite, au karibu yake, itoke kwao. Wanawake wasiwe mapambo tu. Wapewe kazi zenye uzito, kama utunzaji wa hazina na uandishi. Mlemavu au mlezi wa mayatima anaona mambo ambayo wengine hawayaoni. Naye apate nafasi.

Hatua ya pili: sikilizeni kabla ya kuomba. Kama kuna jambo lililoumiza watu, kama madawati yaliyochomwa au shamba la shule lililoharibiwa, lizungumzwe kwanza mbele ya wazee. Sikukuu haiponyeshi kidonda kilichofunikwa. Watu watakuja, watacheza ngoma, na jioni watarudi nyumbani na hasira yao.

Hatua ya tatu: chagueni kitu kimoja. "Kusaidia shule" ni neno pana. Hakuna anayeweza kupima kama limetimia. "Madawati matano ya darasa la pili" ni neno ambalo hata mtoto anaweza kulihesabu. Chagueni kitu kitakachotumiwa na watoto wote. Kama kitu hicho kitafaa watoto wa upande mmoja tu, pesa zenyewe zitakuwa sababu ya wivu.

Hatua ya nne: hesabuni mchango wa mikono pamoja na mchango wa pesa. Hapa ndipo komite nyingi zinateleza. Familia iliyopoteza kila kitu haina faranga, lakini ina mikono, ufundi, sauti na muda. Mmoja anaweza kuleta bidoni tatu za maji ya kupikia, mwingine akapasua kuni, mwingine akaimba, mwingine akalinda njia, mwingine akapika sombe. Mambo hayo yote yaandikwe katika daftari lile lile, ukurasa ule ule, jina la familia na ilichotoa, na yasomwe kwa sauti siku ya hesabu. Mtu akisikia jina lake likisomwa kwa bidoni tatu za maji, kama vile jina la mfanyabiashara linavyosomwa kwa faranga 20,000, anajua kwamba yeye si mzigo kwa kijiji. Wahenga wetu walisema, kidole kimoja hakivunji chawa.

Hatua ya tano: chagueni siku na mahali. Kuna siku ambazo watu wamekwisha kuzizoea: tarehe 30 Aprili, siku ya masomo katika nchi yetu, na tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika. Msichukue siku ya soko wala siku ya ibada ya kanisa au msikiti mmoja. Chagueni uwanja ambao pande zote zinaufikia bila woga, mbali na kambi ya wenye silaha. Ombeni ruhusa mapema kwa shefu na kwa wenye madaraka wa mahali hapo, na mtunze karatasi ya ruhusa.

Hatua ya sita: pangeni mambo yanayochanganya watu. Katika mpira, msipange wenyeji dhidi ya waliohama. Kila timu iwe na wachezaji wa pande zote. Vivyo hivyo kwa nyimbo, mashairi na mchezo wa kuigiza wa wanafunzi. Wapishi wapike kwa vyungu vya pamoja. Mnada wa mazao unafaa sana vijijini: mtu analeta mkungu wa ndizi, kuku au kikapu cha viazi, na watu wanashindana bei kwa kucheka. Lakini msiuze pombe. Pombe inaleta pesa za haraka, na ugomvi wa haraka pia.

5. MFANO WA HESABU

Hesabu hii ni mfano wa kujifunzia tu. Kila komite iandike bei za soko lake.

Pesa zilizoingia:
- Sanduku la hiari: faranga 118,000
- Uuzaji wa bugali, maharagi, sombe na mandazi: faranga 164,000
- Michango wakati wa mpira: faranga 46,500
- Mnada wa mazao: faranga 97,500
Jumla: faranga 426,000

Pesa zilizotoka:
- Unga, maharagi, mafuta na makaa: faranga 92,000
- Kukodi spika: faranga 30,000
- Sabuni na ndoo ya kunawa mikono: faranga 9,000
- Daftari na kalamu: faranga 5,000
Jumla: faranga 136,000

Kilichobaki: faranga 290,000

Tuseme vifaa vya dawati moja, mbali na mbao zilizotolewa, vinafika faranga 50,000. Madawati matano ni faranga 250,000. Faranga 40,000 zinabaki katika sanduku kwa matengenezo.

Tazameni mambo mawili. La kwanza, hakuna kiingilio. Kiingilio kingefungia nje wale tunaotaka wawe ndani. La pili, gharama ziko chini ya theluthi moja ya mapato. Komite iliyokodi spika kubwa, viti vya wageni wa heshima na chakula cha pekee kwa viongozi inaweza kumaliza siku bila hata dawati moja. Viongozi wale chakula kile kile, na walipe kama watu wote; hapo wenyewe watakuwa somo kwa wengine.

6. KULINDA PESA NA KUSOMA HESABU

Wengi wenu mnajua vikundi vya akiba vinavyoitwa AVEC. Vikundi hivyo vinatufundisha jambo zuri: sanduku lenye kufuli tatu, na funguo tatu kwa watu watatu tofauti. Sanduku linakaa kwa mtu wa nne. Hakuna anayeweza kulifungua peke yake, na hakuna anayeweza kushitakiwa peke yake. Komite ya wazazi inaweza kufanya vile vile. Watu wa funguo watoke katika pande zote: mmoja mwenyeji, mmoja aliyehama, mmoja mwalimu au mzee wa kanisa. Pesa zinazopita kwa simu zisiingie katika simu ya mtu mmoja bila mashahidi. Siku ile ile ziandikwe daftarini, pamoja na ujumbe uliothibitisha.

Katika nyakati za vita, pesa nyingi mahali pamoja ni hatari kwa anayezitunza. Kwa hiyo nunueni vifaa upesi, siku mbili au tatu nyuma ya sikukuu. Misumari haivutii mwizi kama faranga. Msitangaze mahali ambapo sanduku linalala.

Siku ya hesabu ni sehemu ya sikukuu. Itangazwe mapema, isipite majuma mawili. Mwandishi asome kwa sauti, kwa lugha ambayo wote wanaielewa, na mtu atafsiri kama inahitajika. Risiti zipitishwe mikononi. Hesabu iandikwe kwenye karatasi kubwa na kubandikwa ukutani mwa shule. Kwa wale wasiojua kusoma, madawati yenyewe yawekwe mbele, yahesabiwe moja moja. Kama pesa zimepotea, komite iseme ukweli siku ile ile. Pesa kidogo zilizopotea na kusemwa zinaumiza kidogo. Zikifichwa, zitaharibu sikukuu tatu zinazofuata.

7. MAMBO YA KUEPUKA

- Msifukuze mtoto, msimtaje mbele ya wenzake, msimnyime buletini yake kwa sababu ya mchango.
- Msitume watoto barabarani kuomba pesa kwa wapita njia. Ni hatari kwao, hasa kwa wasichana.
- Msikubali hotuba za siasa, bendera za chama au nyimbo za kusifu kundi lolote lenye silaha. Zawadi ya mwenye bunduki ina bei yake, na watoto ndio watakaoilipa.
- Msipige picha za watoto waliohama na kuzitawanya bila ruhusa ya wazazi. Kuna familia zinazotafutwa.
- Msikawie mpaka usiku. Sikukuu iishe mapema, ili kila familia ifike nyumbani jua likiwa juu.
- Msisahau usafi. Kipindupindu na mpox vinapita kwa urahisi katika mkusanyiko. Ndoo ya maji na sabuni ziwe mlangoni na penye chakula.

8. FAMILIA ZIKIRUDI KWAO

Kuna swali ambalo viongozi wanaulizwa mara nyingi: "Kwa nini nitoe jasho kwa shule ambayo nitaiacha?" Swali hili lina haki, na jibu lake si kumwambia mtu awe na moyo mwema.

Jibu la kwanza ni kwamba mtoto anasoma leo. Mwaka mmoja bila dawati na bila daftari haurudi, hata vita vikiisha kesho. Jibu la pili ni kwamba komite ina wajibu kwa anayeondoka. Familia ikijiandaa kurudi, komite isaidie kuomba kwa direkta buletini ya mtoto na barua inayoonyesha darasa alilofikia. Bila karatasi hizo watoto wengi wanarudishwa nyuma, au wanaacha shule kabisa. Faranga chache za sanduku zinaweza kutumika kwa karatasi na nakala. Hiyo pia ni faida ya mchango wao, na iandikwe daftarini.

Jibu la tatu ni la siku zijazo. Mzazi aliyejifunza kutunza daftari, kusoma hesabu mbele ya watu na kukaa komite moja na jirani asiyemjua anarudi kwao na ujuzi. Kule anakorudi atakuta pengine shule bila mabati, na majirani ambao waliachana naye kwa uchungu. Watu wale watahitaji mtu anayejua namna ya kuanza.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika shule yetu, watoto waliohama ni wangapi? Wazazi wao ni wangapi katika komite?
2. Kuna jambo gani lililoumiza watu ambalo halijasemwa bado? Nani anaweza kuwakutanisha wanaohusika?
3. Kati ya familia zilizohama, kuna mafundi gani? Tumewahi kuwauliza?
4. Mara ya mwisho hesabu ya komite ilisomwa mbele ya wazazi wote ilikuwa lini?
5. Kama sikukuu yetu ingeleta dawati moja tu, lingewekwa darasa gani, na nani angeamua?

Kabla ya kuachana, kikao kichague kitu kimoja ambacho komite itakifanya mwezi huu, na jina la mtu atakayekifuata. Kiandikwe, kisomwe, na kila mmoja aende nyumbani akijua.